Kulinganisha filta za nebula usiku mmoja

Filta, kioo kidogo kinachochuja mwanga kwenye darubini, haiongezi mwanga wa nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, hata chembe. Inapunguza mwanga wote, ila ule wa anga inaubana zaidi, ndipo wingu linapojitokeza. Hapa Busia, upande wa Uganda, malori yanayosubiri kuvuka mpaka huangaza usiku kucha, kwa hiyo tofauti hiyo naithamini sana.

Kwanza zima simu, kaa gizani nusu saa. Kwenye darubini yangu ya sentimita 20, f/6 (urefu wa fokasi ni mara sita ya kipenyo), naweka lenzi ya jicho ya milimita 25. Gawanya 25 kwa 6, unapata mwale wa takribani milimita 4 unaoingia jichoni, na filta kali hupenda mwale mpana hivyo. Ukiweka lenzi ya milimita 10, kila kitu kinafifia.

Usiikaze filta kwenye lenzi bado. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, kioo kisiguswe, uipitishe kati ya jicho na lenzi: weka, toa, weka tena. Ukianza kufungua na kufunga, dakika zinapita na jicho linasahau lilichokiona.

Januari, anza na nebula ya Orioni. Filta aina ya UHC hupitisha mistari miwili ya oksijeni, yaani rangi finyu sana za mwanga zenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 496 na 501, pamoja na ule wa hidrojeni wa 486. Filta aina ya OIII hubakiza ile ya oksijeni tu. Kwa Orioni mimi nachagua UHC: mabawa yanatanuka na nyota bado zinapendeza. OIII inatia giza zaidi, nyota zinadhoofika.

Februari, subiri hadi baada ya saa sita usiku, utazame kusini. Nebula ya Carina inapanda vizuri kwetu tulio karibu na ikweta, na hapo OIII ndiyo bingwa. Ile mifereji myeusi inayoigawa inachongeka wazi. Nenda taratibu, tazama pembeni kidogo ya unachokitaka, kingo zitajitokeza.

Kilimia iache bila filta. Ukungu wake ni mwanga wa nyota unaoakisiwa na vumbi, una rangi nyingi, na filta itauua pamoja na anga. Galaksi nazo ni hivyo hivyo.

Mwenye hela ya filta moja anunue UHC. Filta ya H-beta, inayopitisha ule mstari wa 486 peke yake, inafaa vitu vichache kama nebula ya Kichwa cha Farasi, tena chini ya anga jeusi kama la Karamoja. Azima kabla ya kununua. Ujue pia kwamba taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, filta inazikata vizuri, lakini LED nyeupe humwaga rangi zote na sehemu yake hupenya. Kaa mahali ambapo ukuta unakukinga na taa ya jirani.

Umande ukishika kioo cha filta, usipanguse kwa shati. Acha kikauke chenyewe ndani ya nyumba, kisha ndipo uirudishe filta kwenye kikopo chake na kukifunga.