Batri ya zamani: soma mbao kabla ya plaki

Muuzaji wa batri kuukuu, yaani seti za ngoma, hapa Lubumbashi ana maneno yasiyomtoka mdomoni: "Papa, hii njo ya wakati ya Babeleji", yaani ya enzi za Wabelgiji. Mara nyingi hakudanganyi kwa makusudi, naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Lakini uhuru wa Kongo ulipatikana Juni 30, 1960, na tarehe hiyo inampa mnunuzi kipimo cha bure. Yamaha ilianza kutengeneza ngoma mwaka 1967. Ngoma zenye jina la Tama zilionekana mwaka 1974. Matoazi ya Sabian yalianza 1981, kule Kanada. Kwa hiyo ukionyeshwa Tama ya "wakati ya Babeleji", shukuru, aga, endelea na safari yako.

Mimi ni fundi wa batri, mtaa wa Katuba. Nazitengeneza za makanisa na za orkestra za harusi, na siku hizi watu huniletea pia zile zilizolala stoo ili niwaambie ni nini, ni ya lini, na iuzwe kiasi gani. Maswali hayo matatu yajibiwe kwa mpangilio huo huo. Anayeanza na bei huona kile anachotaka kuona.

Usianze na plaki pia. Plaki ni kile kibati chenye jina la kiwanda, na kwenye ngoma nyingi kinashikwa na kijipete cha chuma kilichobanwa katika tundu la hewa. Kijipete hicho kinatolewa kwa bisibisi na kupachikwa kwenye ngoma nyingine kabla chai haijapoa. Nimewahi kushika plaki ya Ludwig, kiwanda cha Chicago, Marekani, iliyokaa juu ya mzinga (mwili wa ngoma) wa mbao laini nyekundu ambao haukuwahi kuiona Chicago. Tazama kijipete kwa upande wa ndani: cha kiwandani kimekunjwa sawasawa pande zote, cha mkono kimepasuka na kina makovu ya nyundo.

Anza na mbao. Vua ngozi zote mbili, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, washa tochi, ingiza kichwa. Hesabu matabaka ya mbao pale ukingoni, tena angalia kama kuna pete ya mbao iliyogundishwa ndani juu na chini ili kuupa mzinga nguvu. Ludwig za miaka ya 1960 zina matabaka matatu na pete hizo; katikati ya miaka ya 1970 kiwanda kilihamia matabaka sita bila pete. Rangi ya ndani nayo husema: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ludwig nyingi zilipakwa nyeupe, na kuelekea mwisho wa muongo huo ikaja rangi ya madoadoa. Premier ya Uingereza utaitambua kwa pete zake za mbao ngumu na kwa kromu yake, ambayo baada ya miaka hamsini bado inakuonyesha meno yako. Ngoma za bei nafuu za Japani za miaka ya 1960, zilizouzwa kwa majina chungu nzima kulingana na duka lililoziagiza, nyingi zina mzinga mwembamba wa mbao nyekundu yenye vitundu vidogo vidogo. Vifungo vyake, vile vyuma vya ubavuni vinavyoshika skurubu, viliigwa kutoka Marekani, ndiyo maana zinapotosha watu.

Ukiwa bado ndani, tafuta muhuri. Ludwig nyingi za miaka ya 1960 zina tarehe iliyopigwa kwa wino mwekundu, mwezi ukitangulia siku kwa desturi ya Marekani. Muhuri huo ni shahidi mzuri kuliko namba ya plaki. Namba za Ludwig zilianza mwishoni mwa 1963, lakini plaki hazikupachikwa kwa kufuatana: mfanyakazi alichukua iliyomjia mkononi. Namba inakupa kipindi tu. Umbo la plaki linasaidia zaidi. Ile yenye umbo la jiwe la kati la tao, ikiwa haina namba, ni ya kabla ya 1964. Yenye namba ni ya miaka iliyofuata. Ile ya buluu na kijani iliingia karibu na 1969 au 1970. Kwa Slingerland, kiwanda kingine cha Marekani, angalia mji ulioandikwa, maana kiwanda kilitoka Chicago kwenda Niles mwaka 1960. Gretsch ya plaki ya mviringo iliisha karibu na 1971, ikafuata ya pembe nane.

Usikwangue wala usipake rangi humo ndani. Fundi mwenzangu "aliisafisha" groskesi moja, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, kwa msasa na vanishi. Ikapendeza sana, na tarehe ikaondoka na vumbi.

Kuna tarehe nyingine ambazo vitabu vya Wamarekani havina, na sisi tunazo. Ngoma zetu ziliandikwa na wenyewe. Muhuri wa duka au wa parokia unaosema Élisabethville unaelekea kuwa wa kabla ya 1966, mwaka mji ulipoitwa Lubumbashi. Sanduku lililopigwa chapa ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, lilikuwa huku kabla ya serikali kuichukua kampuni, Januari 1967. Jina la orkestra likiandikwa pamoja na "Zaïre" kwenye ngozi ya mbele, mwandishi alishika brashi kati ya 1971 na 1997. Hayo hayakwambii ngoma ilitengenezwa lini, yanakwambia tu ilikuwa imeshafika. Lakini yakikutana na muhuri wa kiwanda na hesabu ikakubali, una hadithi ambayo mnunuzi ataiamini.

Sasa matundu. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Batri iliyochezwa sana haijaharibika kwa kuchezwa. Mikwaruzo, kromu iliyofifia mahali goti linapogusa, pete iliyochubuliwa na vijiti: yote hayo ni uzee wa haki na mimi sikati bei kwa ajili yake, au nakata kidogo sana. Kinachoua thamani ni mabadiliko. Mtu alitaka tomu, moja ya zile ngoma za kati, ikae chini zaidi, akatoboa. Kifungo kilikatika, akaweka cha aina nyingine, miguu yake haikulingana na matundu ya zamani, akatoboa tena. Groskesi ikakatwa tundu mbele ili mikrofoni iingie. Likikatwa kwenye ngozi si neno, ngozi hubadilishwa, ila nimeona waliokata mbao.

Namna ya kuyapata: fungua kifungo kimoja, kile cha upande ulioelekea dirishani au jua. Chini yake plastiki ya rangi inayoufunika mzinga itakuwa na rangi ya siku ya kwanza. Kivuli kimoja kinacholingana na kifungo, vizuri. Vivuli viwili, kifungo si cha asili. Hakuna kivuli kabisa, plastiki yenyewe ni mpya. Kisha pitisha kidole ndani: tundu la kiwandani lina ukingo safi, la mtaani limechana mbao.

Na tafadhali, ile tabia ya kujaribu plastiki kwa kiberiti tuiache. Plastiki nyingi za zamani za ngoma ni seluloidi, na seluloidi inashika moto upesi mno. Ukitaka kuitambua, isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, unuse. Ikitoa harufu ya kafuri, umepata jibu, na nyumba bado imesimama.

Mzinga upimwe kipenyo pande tatu kwa mita ya fundi nguo. Ukitofautiana sana, umekuwa yai. Ulaze juu ya kioo kinene, weka tochi ndani, zima taa ya chumba: mwanga ukipenya chini, ukingo umepinda au umeliwa. Fanya hivyo Juni au Julai ukiweza. Baridi kavu ya kwetu hufungua gundi ya zamani, na tabaka linaloachia litajionyesha. Ngoma iliyofungwa masika yote huficha ugonjwa huo.

Uchakavu nao una mpangilio. Tangu orkestra ya Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa 1969, na mpiga batri wake Meridjo Belobi walipoueneza mdundo wa kavasha, sebene yetu, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, imebebwa na kesi-klere (ngoma yenye waya chini) na sharlestoni (matoazi mawili ya pedali). Hizo hazipumziki usiku kucha. Tomu kubwa ya sakafuni hupata zamu yake kidogo. Kwa hiyo batri iliyofanya kazi katika orkestra ya hapa inapaswa kuwa na kesi-klere iliyochoka kuliko wenzake. Nikikuta kesi-klere inang'aa na tomu zimechakaa, najua hazikuishi nyumba moja. Hapa batri haifi, inagawanyika: kanisa lilichukua tomu, orkestra ikabaki na groskesi, mtoto wa mzee akauza matoazi.

Ndivyo ilivyokuwa batri ya familia moja ya Kamalondo, ambayo baba yao aliipiga kambini kwa miaka mingi. Walisema ni Premier nzima. Groskesi na tomu ndogo zilikuwa Premier kweli. Tomu ya sakafuni ilikuwa ya Japani, isiyo na jina, imepakwa rangi ifanane. Kesi-klere ilikuwa Ludwig ya chuma iliyobabuka kromu, na watoto waliionea aibu, wakataka kuitupa.

Hiyo ya kutupwa ndiyo niliyoishika kwanza. Weka sumaku ubavuni: ikinasa, ni chuma cha kawaida. Isiponasa, ni alumini au shaba ya njano. Kesi-klere ya Ludwig iitwayo Supraphonic, ya kuanzia miaka ya 1960, kwa kawaida ni alumini iliyovishwa kromu, na kromu haikai vizuri juu ya alumini, huvimba na kubanduka. Ubaya huo ni wa sura tu, sauti haina habari. Ni miongoni mwa kesi-klere zilizorekodiwa kuliko zote duniani, na inauzika peke yake siku yoyote. Usiipeleke kuvishwa kromu upya. Angalia tu kama kile kishikizo cha kukazia waya ni cha asili, maana hicho ndicho hufa kwanza na hubadilishwa ovyo.

Premier nayo ilikuwa na jambo lake. Nilipojaribu ngozi mpya ya inchi 12 kwenye tomu, haikuingia. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 Premier ilitengeneza mizinga mipana kidogo kuliko vipimo vya leo, na ngozi za kawaida hazivai. Hiyo ilitupa umri papo hapo. Ilitupa na hasara: mpiga batri wa kanisa hawezi kununua kitu ambacho ngozi yake hapati sokoni. Mkusanyaji wa Ulaya hajali, anajua pa kuagiza. Skurubu vilevile, za Ulaya mara nyingi hazilingani na za Marekani, ukilazimisha unaua nyuzi za kifungo.

Matoazi yapangiwe bei mbali na ngoma. Paiste nyingi za kuanzia miaka ya 1970 zina namba iliyogongwa karibu na nembo, na tarakimu yake ya kwanza ndiyo tarakimu ya mwisho ya mwaka: 6 inaweza kuwa 1976 au 1986, hapo ushahidi mwingine uamue. Kagua ukingo kwa ukucha, taratibu, mzunguko mzima, kutafuta ufa. Kisha tundu la katikati kama limeliwa. Ufa unashusha bei kuliko uchafu wote duniani. Na sisi watu wa mji wa shaba tunapenda shaba ing'ae, hivyo utayakuta yamesuguliwa kwa limau na majivu mpaka jina likafutika. Toazi zuri la aina ya juu ni shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Paiste ya aina iitwayo "2002" ni shaba 92 kwa bati 8. Hakuna mchanganyiko hapo unaohitaji majivu. Toazi lisilo na jina linanunuliwa kwa sikio, na sikio halilipi sana.

Stendi na pedali sizisemi mengi. Zikisimama, ni nzuri.

Kwa bei, fungua Reverb au eBay, masoko ya mtandaoni, uchague zilizouzwa tayari. Bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake. Tafuta ngoma ya kiwanda kile kile, kipindi kile kile, vipimo vile vile, rangi ile ile. Tuseme seti safi imeuzwa dola 1,000. Plastiki ikiwa imebadilishwa au imepakwa rangi, mimi nabaki na nusu. Tundu moja la ziada ambalo kifungo kinaweza kulificha, nakata sehemu ya kumi. Matundu mengi yanayoonekana, theluthi au zaidi. Ukingo uliochongwa upya vibaya, nakata sana, kwa sababu sauti ndiyo imeguswa. Seti iliyochanganywa haina bei ya seti. Jumlisha kipande kwa kipande, kama nilivyofanya kwa watu wa Kamalondo, na ile kesi-klere ya kutupwa ikazidi ngoma nyingine zote kwa pamoja. Wengine hawatakubaliana na makato yangu. Waseme yao, ila wawe nayo kabla mteja hajaingia mlangoni.

Mwenye mali mpe bei mbili kwenye karatasi moja: ya mpiga batri wa hapa, atakayeipiga Jumapili, na ya mnunuzi wa mbali, ukiwa umeshaondoa usafirishaji. Chini yake andika kila kipande na umri wake, na kila tundu uliloliona. Piga picha za plaki, za ndani ya mzinga na za vivuli vya vifungo. Vifungo na skurubu za asili zilizowahi kung'olewa, hata zilizoshika kutu, zitiwe kwenye mfuko mmoja na zifungwe ndani ya groskesi, maana mnunuzi wa mbali atauliza ziko wapi.