Namna ya Kuboresha Daladala na Kupunguza Foleni Ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hauna pa kupanulia barabara, kwa sababu nyumba zake za mawe na chokaa zimebanana kwenye vichochoro ambavyo gari haipiti kabisa. Magari yanayouendea mji hukusanyika ukingoni mwake, yaani Malindi, Darajani, Mkunazini na Mnazi Mmoja, kwenye barabara iliyojengwa pale palipokuwa na mkondo wa bahari kabla haujafukiwa. Kwa hiyo kamati ya manispaa na ya wasafirishaji inayotaka kupunguza foleni ikubali tangu mwanzo kwamba nafasi haitaongezeka, na kwamba kazi yake ni kuamua nani aitumie na kwa muda gani.

Kamati ianze kwa kuhesabu watu, si magari peke yake. Katika kila mlango wa mji wakae wahesabuji wawili, mmoja akiandika aina ya chombo na mwingine akikadiria abiria waliomo, katika siku ya kawaida ya shule na pia siku ya Ijumaa, bila kuziacha saa ambazo boti za Dar es Salaam hushusha abiria bandarini Malindi. Karatasi hizo zitaonesha ni sehemu gani ya barabara inakaliwa na gari ndogo zenye mtu mmoja mmoja, na zitaitetea kamati mbele ya wenye maduka wanaoamini kwamba wateja wao wote huja kwa gari binafsi.

Baada ya hapo itazamwe stendi. Daladala inayosubiri abiria kwa dakika 20 huifanya nafasi moja ya kuegesha ihudumie gari tatu tu kwa saa, ilhali ikishusha na kupakia kwa dakika mbili, nafasi hiyo hiyo huhudumia gari 30. Njia za kaskazini, kama ya Bububu, na za kusini, kama ya Uwanja wa Ndege, zinaweza kuunganishwa ziwe njia moja inayopita mjini bila kuishia hapo. Gari itasimama Darajani kwa muda mfupi na kuendelea, na mapumziko ya dereva yatafanyika kwenye ncha za njia, ambako ardhi haigombewi.

Lakini hakuna dereva atakayeondoka na viti vitupu ikiwa analipwa kama anavyolipwa sasa, na hapa ndipo mipango mingi inapokwama. Kwa desturi ya daladala, mwenye gari hudai hesabu ya siku, yaani kiasi maalumu cha fedha. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho riziki ya dereva na utingo. Kwa utaratibu huo kungoja gari ijae ni lazima, kukimbizana na mwenzako hadi kituo kinachofuata ni lazima, kukatisha ruti panapokuwa na abiria wachache ni jambo la kutazamiwa, na mwanafunzi anayelipa nauli pungufu huachwa kituoni akiwa na begi lake, jambo ambalo mji wowote unaojiheshimu haupaswi kulivumilia. Trafiki wakiongezwa barabarani, hesabu itakuwa bado inadaiwa jioni.

Dawa yake ni kuwakusanya wenye gari wa njia moja katika ushirika wenye mfuko mmoja. Nauli zote ziingie humo, dereva na utingo walipwe mshahara, na mwenye gari alipwe kwa safari alizokamilisha kwa wakati, iwe gari ilijaa au haikujaa. Idadi ya gari ipatikane kwa hesabu nyepesi: safari ya kwenda na kurudi ikichukua dakika 60, na gari ikitakiwa kila baada ya dakika tano, zinahitajika gari 12. Foleni ikiirefusha safari hadi dakika 80, huduma ile ile itahitaji gari 16, na gharama ya hizo nne zilizozidi huishia kwa abiria. Kiasi fulani cha makusanyo kiwekwe akiba kwa matengenezo kabla ya faida kugawanywa, kwa maana mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, umeonesha kwamba hata njia maalumu haiwafikishi watu kazini pale mabasi yanapopungua.

Maegesho ya Shangani, Forodhani na Darajani yatozwe kwa saa, na ada ipande kadiri muda unavyorefuka, isipokuwa kwa wakaazi na watu wenye ulemavu. Wapo wanaopendekeza viwanja vya Mnazi Mmoja vigeuzwe maegesho. Mimi napinga moja kwa moja, kwani watoto wa mjini hawana uwanja mwingine mkubwa namna ile karibu na kwao. Malori yashushe mizigo alfajiri, na mikokoteni iiingize ndani kama ilivyozoeleka.

Majaribio yaanze kwa njia moja tu, kwa muda wa miezi sita, baada ya kusikiliza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe pamoja na madereva wenyewe. Kila kituo kibandikwe nauli, saa ya gari ya kwanza, saa ya gari ya mwisho na namba ya kupigia malalamiko. Miezi hiyo ikimalizika, wahesabuji warudi kwenye milango ile ile, saa zile zile, na matokeo yabandikwe vituoni kabla ya njia ya pili kuingizwa.