Kuagiza vipuri vya mfumo wa msukumo wa boti ya doria: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mhandisi wa chombo, mtunza stoo na afisa ununuzi wa taasisi ya serikali yenye boti za doria Dar es Salaam. Zabuni nyingi za vipuri huharibikia kwenye maelezo ya kipuri, hata kabla mzabuni hajapatikana. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni ndefu.

Hatua ya 1: Kitambue kipuri mwenyewe

Shuka chumba cha mashine, upige picha kibati cha injini, cha giaboksi na cha pampu. Andika modeli, namba ya injini na uwiano wa giaboksi. Modeli peke yake haitoshi, kwa sababu mtengenezaji huweza kubadili nozeli (kinyunyizio cha mafuta ndani ya silinda) au pampu bila kubadili jina la modeli. Kipuri kikiwa na namba ya stoo ya NATO (namba ya kimataifa ya kutambulisha vipuri), nakili tarakimu zote 13. Nne za mwanzo hutaja kundi, na 2010 ni vipuri vya msukumo wa meli.

Boti ya shafti mbili ina mtego wake. Mara nyingi propela zake huzunguka kinyume, moja kulia na nyingine kushoto. Simama tezi, yaani nyuma ya boti, utazame mbele: inayozunguka kama mshale wa saa boti ikienda mbele ni ya mzunguko wa kulia. Ukiandika "propela 2" tu, unaweza kuletewa mbili za mzunguko mmoja.

Beringi ya mpira ya shafti isiagizwe kwa kipimo cha kitabu. Shafti huliwa. Ipime kwa maikromita sehemu tatu, kila sehemu mara mbili kwa pembe ya mraba, kisha uandike milimita mpaka desimali mbili. Beringi mpya kwenye shafti iliyolika huacha nafasi kubwa, boti hutetemeka na sili huanza kuvuja.

Hatua ya 2: Hesabu kwa seti

Injini mbili za silinda 12 zinahitaji nozeli 24 na washa (pete bapa) za shaba 24. Washa agiza 48: ni za kutumika mara moja, na nozeli ikirudiwa kufungwa unahitaji nyingine. Impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) ya pampu ya maji ya bahari iende na gasketi na oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zake. Impela bila gasketi ya shilingi chache hulaza boti gatini.

Hatua ya 3: Tenga vya kawaida

Beringi yenye namba 6309 C3 si lazima itoke kwa mtengenezaji wa injini. Muuzaji wa beringi anayeaminika Kariakoo anaweza kuwa nayo. Ila usiiache hiyo C3. Inaonyesha nafasi kubwa zaidi ndani ya beringi, na bila nafasi hiyo beringi ikipata moto hubana.

Hatua ya 4: Zabuni

Mahitaji yawe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka kabla ya 1 Julai, kisha yapite NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Ukilazimika kutaja chapa, ongeza "au kinacholingana nacho", na ueleze ulinganifu huo utathibitishwaje: vipimo, madini, cheti. Bila hayo kamati ya tathmini haina pa kushika. Usiandike boti ipi imesimama wala tangu lini. Hiyo ni taarifa ya ulinzi, na mzabuni haihitaji.

Hatua ya 5: Mapokezi

Mhandisi wa chombo awemo kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi. Linganisha namba ya kila kipuri na picha za hatua ya 1, pima vipenyo, soma tarehe za kutengenezwa kwa mpira. Karatasi ya mafuta ya beringi msiichane ovyo. Hewa ya chumvi ya Kigamboni huipandisha beringi kutu ikiwa bado rafuni. Fungueni sampuli moja, muifunge upya siku hiyohiyo.

Oringi na impela zihifadhiwe gizani, mbali na mota za umeme. Cheche za mota huzalisha ozoni, nayo hupasua mpira.