Bustani ya juu ya paa inavuja? Tafuta tundu kabla ya kushika koleo

Doa likitokea darini, mwenye nyumba atataka bustani yote ifukuliwe siku hiyo hiyo. Fundi mwenzangu, mkatalie kwa upole. Maji yakishapenya tabaka la kuzuia maji hutambaa juu ya zege kufuata mteremko, hadi yakute ufa au njia ya waya wa umeme, ndipo yadondoke. Tundu laweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye doa. Hapa Dar es Salaam napenda kukagua masika yakielekea kuisha, udongo ukiwa bado umeshiba.

Hatua ya 1: Anzia chini. Zungushia doa mstari wa penseli, andika tarehe, na urudie kila baada ya mvua. Unga mweupe wa chumvi kwenye zege ni dalili kwamba maji yamekuwa yakipita hapo. Ukungu mweusi peke yake si ushahidi, hasa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Bandika kipande cha nailoni, kizibe kwa seloteipu pande zote nne, ukiache siku nzima. Matone yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Yakiwa kati ya nailoni na zege, maji yanatoka ndani ya zege.

Hatua ya 2: Chunguza simtanki na mabomba ya kumwagilia. Jioni funga maji yanayoingia kwenye tangi, funga vinyunyizio na matumizi mengine yote, kisha tia alama usawa wa maji. Alfajiri ukikuta yameshuka, kwanza shughulikia hilo.

Hatua ya 3: Kagua mdomo wa dreni, kona za ukuta na kila bomba linalotoboa slabu. Mimi hutumia muda wangu mwingi hapa, kwa sababu katikati ya paa mara nyingi pako salama. Tabaka linapaswa kupanda ukutani hadi kama sentimita 15 juu ya udongo, lakini watu huongeza mbolea na udongo kila mwaka mpaka ukingo unafunikwa. Katika nyumba moja dari lilikuwa limepigwa plasta mara tatu. Nilitoa kokoto kuzunguka dreni, nikasugua kwa brashi, nikakuta lami imebanduka kiasi cha kupitisha kadi ya benki chini yake. Mizizi myembamba kama nywele ilikuwa imejipenyeza humo ikifuata unyevu. Ukiona mche wa mtini ulioletwa na ndege, ung'oe ungali mchanga.

Hatua ya 4: Mwagilia sehemu kwa sehemu. Anza sehemu ya chini ya mteremko, saa moja kila kipande, ukimweka mtu chumbani na tochi. Kamwe usizibe dreni na kujaza maji juu ya bustani bila mhandisi kuthibitisha: sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, juu ya udongo ambao tayari ni mzito.

Kamera ya joto ifanyie kazi darini. Juu ya paa tupu huonyesha sehemu yenye maji baada ya jua kuzama, kwa kuwa hukawia kupoa, lakini majani na udongo wenye maji huidanganya. Kipimo cha umeme mdogo hufanya kazi vizuri juu ya zege, kwani mkondo hufuata maji kupitia tundu. Ila tabaka la mpira mweusi wenye kaboni hupitisha umeme lenyewe, na hapo majibu hayaaminiki.

Hatua ya 5: Fukua mita moja ya mraba tu. Sentimita za mwisho tumia mikono, maana ncha ya koleo hutoboa tundu jipya. Tandaza udongo kwenye turubai, usiurundike pamoja. Ukishaziba, zungushia kiraka tuta dogo, weka maji kina cha sentimita chache kwa saa 24 hadi 48, na ukague dari tena. Udongo urudi baada ya hapo, si kabla.