Namna ya Kumlisha na Kumzungumzisha Mtoto wa Miezi 6 hadi 24

Mtoto anapotimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, hasa kwa madini ya chuma, na hapo ndipo chakula cha nyongeza huanza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Wazazi wengi huhangaikia kinachoingia bakulini, lakini namna ya kulisha haizingatiwi sana, ilhali mlo ni miongoni mwa nyakati chache ambapo mama, bibi au dada wa kazi huketi ana kwa ana na mtoto.

Mtoto akae wima, pajani au kwenye kiti chenye egemeo, akikutazama usoni. Desturi ya kumlaza chali, kumbana pua na kummiminia uji kwa kiganja ili ashibe iachwe kabisa, kwani mtoto hupaliwa, na baadaye huanza kulia kila aonapo bakuli.

Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko unapokiinamisha, maana uji mwepesi hujaza tumbo bila kumpa nguvu inayomtosha. Unga ukiwa na nafaka nyingi za aina mbalimbali bado ni wanga kwa sehemu kubwa. Kinachouongezea thamani ni karanga zilizosagwa laini, maziwa, yai, au dagaa waliokaushwa vizuri na kutwangwa. Kati ya miezi 6 na 8 apate milo 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 milo 3 hadi 4 pamoja na kitafunwa mara 1 au 2. Asali isubiri hadi mwaka 1, na karanga nzima hadi miaka 5.

Akifika miezi 8 hivi, mpe vitu laini vya kushika mwenyewe, kama ndizi mbivu, parachichi au kiazi kilichochemshwa kikalainika. Atachafuka, na mara nyingine atataka kutapika kidogo ulimi unapojifunza kusukuma chakula. Akitoa sauti na kukohoa, mwache akitoe mwenyewe huku ukimwangalia, ila akinyamaza ghafla na kushindwa kupumua, chakula kimemkaba kooni na lazima asaidiwe papo hapo. Chakula alichokikataa leo kirudishwe siku nyingine bila ugomvi, hata mara 10, kabla ya kuamua kwamba hakipendi.

Kutafuna huzoeza mdomo na ulimi, lakini maneno huja kwa kuzungumzishwa. Sogeza kijiko usawa wa midomo yake, kisimamishe hapo, sema, “Ndizi. Unataka ndizi?”, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 5. Kimya hicho huwashinda watu wazima wengi, nao hujijibu wenyewe. Mtoto akifungua mdomo, akinyoosha mkono au akisema “nda”, hilo ni jibu lake, nawe umrudishie neno kamili: “Ndiyo, ndizi tamu!” Usimlazimishe kurudia wala usimnyime chakula mpaka atamke. Zungumza naye kwa lugha unayoimudu vizuri, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kikamba, kwa sababu kulelewa kwa lugha mbili hakumcheleweshi kusema. Simu iwekwe mbali, kwani mtoto anayelishwa huku akitazama katuni humeza tu bila kuzungumza na mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri kabisa kumpa skrini mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Nenda kliniki ikiwa mtoto hukohoa kila anapokunywa, milo yake kwa kawaida huzidi dakika 30, au uzito kwenye kadi hauongezeki. Nenda pia ikiwa ametimiza mwaka 1 bila kubwabwaja, kupunga mkono wala kuonyesha kitu kwa kidole, au amefikisha miaka 2 na bado haunganishi maneno mawili kama “mama njoo”. Omba apimwe masikio kwanza, hasa kama yaliwahi kutoa usaha. Watu watakushauri ukamkate udata, yaani kiutando kinachofunga ulimi kwa chini, kwa mganga wa jirani. Udata unaweza kusumbua kunyonya au matamshi ya baadhi ya sauti, lakini si sababu ya mtoto kutosema kabisa, na uamuzi wa kuukata ni wa daktari aliyemchunguza mdomo.