SOMO: Kupiga picha maua ya nyumbani kwa simu ya kawaida (soma lote ndio uulize)

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa sababu nimechoka, kila nikiweka asumini au haibiskasi statasi inboksi inajaa swali lile lile, dada unatumia simu gani, wengine wameshaamini nina kamera ya studio. Sina. Ni simu ya kawaida na bustani yenyewe ni ya uani hapa Tanga, ndoo zilizotoboka, madebe, na kipande cha udongo pembeni ya karo. Sasa naweka yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki tu tusigombane.

1. Futa kioo cha kamera. Kwa kitambaa laini kisafi. Ukitoka chumba cha AC subiri kidogo, huku pwani kioo kinashika ukungu papo hapo.

2. Jua saa ya ua lako. Watu wanaruka hapa wanakimbilia simu. Haibiskasi nyingi ua lake ni la siku moja tu, asubuhi limefunguka, kesho yake limejikunja linadondoka, kwa hiyo ukisema nitapiga kesho umeshalikosa. Asumini ni kinyume, mchana unaona tumba tu, zinaanza kulegea magharibi na usiku ndio zinafunguka na harufu inatoka. Mimi chai ya jioni nainywea pale pale kwenye ndoo ya asumini, simu iko ndani, naangalia tu tumba lipi limevimba, nyuki anakuja upande gani, kivuli cha ukuta kinafika wapi. Hata nisipopiga picha siku hiyo sijapoteza kitu, maana maua nimeyapanda niyaone kwanza, statasi baadaye.

3. Mwanga. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Mawingu yakitanda toka mbio, huo ndio mwanga wenyewe. Saa sita acha, na Machi na Oktoba huku kwetu jua linapita utosini kabisa. Ukilazimika mtu akushikie shuka jeupe juu ya ua.

4. Rudi nyuma. Simu nyingi kamera yake kubwa haishiki fokasi ukisogea chini ya sentimita kumi hivi. Rudi, vuta zumu mara mbili, piga. Ile kamera ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana) kwenye simu za bei rahisi isahau.

5. Punguza mwanga kwenye ua jekundu. HAPA TULIA. Picha zangu zote za mwanzo za haibiskasi nyekundu ni madoa tu, huoni petali imeanzia wapi imeishia wapi. Simu inapima mwanga wa picha nzima, ikikuta majani ya kijani kizito inadhani kuna giza inaongeza mwanga, ua linaungua. Fanya hivi: gusa ua kwenye skrini, usitoe kidole, shikilia mpaka itokee alama ya kufuli, halafu kile kijua cha pembeni kivute chini taratibu mpaka uanze kuona mishipa kwenye petali. Picha itaonekana nyeusi kidogo, sawa, iache hivyo hivyo, giza unaweza kulirudisha kwenye kuediti lakini petali ikishaungua hakuna programu itakayokurudishia. Onyo la pili, zima ile inayojitambua yenyewe kwamba hili ni ua ikaongeza rangi, inafanya waridi lionekane la plastiki. Onyo la tatu, ukiwa nje juani usiamini skrini, ingia kivulini ndio uikague. Maua meupe nayo ni hivyo hivyo, asumini usipopunguza inakuwa karatasi.

6. Upepo. Funga shina kwenye kijiti cha mshikaki kwa uzi, kijiti kisionekane. Upepo ukizidi weka boksi la katoni upande unaotoka.

7. Angalia nyuma ya ua. Toa ndoo, toa kandambili, anua nguo kwenye kamba. Khanga nyeusi au kivuli cha mlango wazi vinatosha.

8. Piga nyingi, futa nyingi.

MASWALI

Kijana_wa_Keko: unatumia simu gani mkuu
Mleta somo: Rudi mstari wa kwanza.

MamaWawili: Dada shikamoo, mimi natumia ile ya potreti nyuma inakuwa ukungu mzuri ila ua linakuwa kama limekatwa na mkasi, tatizo nini?
Mleta somo: Marahaba mwanangu. Simu haijui ua linaishia wapi, inakisia. Haibiskasi ndio inaumia zaidi, ule mrija unaotoka katikati wenye unga wa njano, kichwani una vidoti vitano vidogo, simu inavifuta inadhani ni vya nyuma. Zima potreti, lisogeze ua mbali na ukuta, kama liko kwenye ndoo buruta ndoo mita mbili mbele, ukungu utakuja wenyewe na vidoti vyako vitano utavikuta.

Fundi_Bati: Nimefuata hatua zote picha mbovu tu. Somo halifanyi kazi
Mleta somo: Umepiga saa ngapi?
Fundi_Bati: saa saba
Mleta somo: Haya.
Fundi_Bati: sasa mi asubuhi niko kazini mama, si ungesema
Mleta somo: Nimesema, namba 3. Jumapili ipo na jioni ipo.

Mchaichai: Naona kwenye picha za watu tone la maji lina ua ndani yake limepinduka, hiyo ni kuediti au kweli?
Mleta somo: Swali zuri sana hili. Ni kweli kabisa, tone linafanya kazi ya lenzi, linapindua kilicho nyuma yake. Pulizia maji kwenye jani jembamba, weka ua sentimita chache nyuma ya tone, halafu fokasi iwe NDANI ya tone, sio kwenye jani. Utahitaji ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, maduka ya vifaa vya simu wanazo. Matone yakikauka haraka changanya maji na glisirini nusu kwa nusu, ila fanya kwa ua ulilokata, usipulizie mmea mzima. Ukipata tuwekee hapa tuone.

Bi_Nyali: Dadangu shukran. Bogenvilia yangu imejaa majani matupu, nipige nini sasa?
Mleta somo: Unaimwagilia kila siku, sio? Acha ikae na kiu, udongo ukauke kabisa ndio umwagie, na iwe juani siku nzima. Ikichanua fokasi iweke kwenye kale kaua keupe kadogo katikati, hayo mengine ya rangi ni majani tu yaliyovaa vizuri.

Lushoto_Baridi: Huku kwetu ukungu mpaka saa nne, nina zile violeti za Usambara dirishani, majani yanapata madoa nikipuliza maji ya picha.
Mleta somo: Hizo usizipulizie kabisa, maji ya baridi kwenye majani yake yale yenye manyoya ndio yanaleta madoa. Mwagia kwenye sahani ya chini. Porini zinakaa kwenye miamba yenye kivuli, jua kali hazitaki, kwa hiyo mwanga wako wa ukungu wa dirishani ndio unazifaa, hata shuka huhitaji.
Lushoto_Baridi: Ni kweli zilitokea huku?
Mleta somo: Kweli. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alizikuta huku kwetu akatuma kwao, mwaka uliofuata zikapewa jina la kisayansi kutokana na jina lake, Saintpaulia. Leo ziko madirishani Ulaya nzima, sisi tunapiga picha waridi la kununua.

Kijana_wa_Keko: dezeti rozi nikikata tawi inatoa maziwa, yanachafua lenzi?
Mleta somo: Lenzi sio shida, huo utomvu ni sumu, watu walikuwa wanapaka mishale. Nawa mikono kabla hujagusa macho au simu ya mtoto. Na hilo swali lilikuwa zuri, uliza hivyo hivyo.