Injini inakula oili? Anza na ringi ya tatu

Gari likianza kula oili, wengi hukimbilia kumwaga oili nzito zaidi. Hapo umefunika tu. Mara nyingi shida iko kwenye ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni: ile ya chini kabisa, ya oili.

Ringi mbili za juu hubana kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na ya pili pia husaidia kukwangua oili. Ya tatu hukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Injini nyingi za siku hizi zimewekewa ringi zenye mkazo mdogo ili kupunguza msuguano na kuokoa petroli. Vitundu vikiwa vidogo, nawe ukichelewa kubadilisha oili, masizi huviziba, ringi inaganda kwenye mfereji wake, na oili inabaki juu kuungua.

Kwa hiyo usikubali ringi mpya zifungwe kwenye pistoni chafu. Pitisha waya laini kila kitundu mpaka uone mwanga upande wa pili. Halafu ingiza ringi ya juu peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake: silinda ya milimita 75, kama milimita 0.3 hivi, ila kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Alama iliyochongwa kwenye ringi hutazama juu. Ringi ya pili ikigeuzwa hupandisha oili badala ya kuishusha. Nimeona injini iliyofungwa wiki hiyo hiyo ikifuka moshi wa bluu kwa kosa hilo tu.